Iulize Namba Uliyoishika

Kijana unayejifunza lugha ya C, usiishie kwenye programu inayofungua faili, ikasoma, ikafunga. Ingia ndani zaidi. Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, haikuumbiwa watu fulani tu. Mlango wake uko wazi kwako pia.

Kila unapoita open, Linux inakupa namba ndogo. Kwa kawaida 0, 1 na 2 zimekwisha kuchukuliwa, basi yako ya kwanza mara nyingi huwa 3. Nyuma ya namba hiyo kuna habari tele, na wito wa kuzipata ni fstat. Umo tangu mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mpaka leo unafanya kazi. Ukijifunza mara moja, umepata ujuzi wa maisha.

Utajaziwa struct stat: ukubwa kwa baiti, mwenye faili, ruhusa, aina, namba ya inodi, nyakati. Angalia hapo: st_ctime si wakati faili lilipozaliwa, bali wakati taarifa zake zilipobadilika mara ya mwisho. Tarehe ya kuzaliwa iombe kwa statx, iliyoingia Linux 4.11 mwaka 2017.

Lakini kubwa kuliko yote ni usalama. Ukikagua jina kwa stat, wito unaopokea jina badala ya namba, halafu ndipo ulifungue, kati ya hatua hizo mbili mtu anaweza kuliondoa faili lile na kuweka lake chini ya jina lilelile. Kama programu yako ina mamlaka ya root, imekwisha kuwa silaha yake. Basi geuza mpangilio: fungua kwanza, kisha iulize namba uliyoishika kwa fstat. Hapo jibu linahusu faili ulilonalo, si jina. Hata mtu akilifuta jina lake la mwisho, st_nlink itasoma 0, nawe utaendelea kusoma yaliyomo mpaka ufunge.

Huhitaji bando wala darasa la gharama. Kwenye mashine nyingi za Linux, andika man 2 fstat usome. Andika programu fupi usiku huu; fstat ikirudisha -1 na kosa la EBADF, usikate tamaa, namba uliyoipa haiko wazi. Kisha rudi kwenye msimbo wako wa zamani, tafuta kila stat inayofuatwa na open, uirekebishe kabla mwingine hajaiona.