Mmomonyoko wa Maadili: Sitiari na Dhima

Miongoni mwa mafungu ya maneno yaliyozoeleka katika mahubiri, hotuba na uhakiki wa fasihi ni "mmomonyoko wa maadili". Mfasiri atakiwaye kuyafafanua kwa msemaji wa Kireno kutoka Msumbiji hapati taabu kubwa, kwani Kireno, sawa na Kiingereza, kina neno lililotokana na Kilatini, ambamo maana yake ya asili ni kuguguna. Penye kuguguna pana mgugunaji. Taabu imo katika Kiswahili chenyewe.

Neno "mmomonyoko" limenyambuliwa kutokana na kitenzi "momonyoka", ambacho kimo katika kauli ya kutendeka. "Momonyoa" humdai mtenda, "momonyoka" humficha. Ukingo wa mto humomonyoka na hakuna aulizwaye. Maadili nayo, yakisemwa kwa kauli hiyo, huonekana kuwa yamemeguka yenyewe. Hata hivyo lawama haikosi pa kutua, na aghalabu huwatua vijana, ambao ndio waliofika mwisho.

Fikra za Abagusii kuhusu maadili zina muundo tofauti. Neno la Ekegusii "chinsoni" hutaja haya na heshima zinazopasa baina ya watu wa vizazi viwili vinavyofuatana. Baba na mwanawe aliyetahiriwa, mathalani, hawaogi pamoja wala hawazungumzi mambo ya unyumba mbele ya mwenziwe. Hapa maadili si rundo la mali ambalo wazee walilihifadhi na vijana wakalitapanya. Ni wajibu wenye pande mbili. Mzee asiyejistahi mbele ya kijana amevunja chinsoni sawasawa na kijana asiyemstahi mzee. Kwa hiyo swali la kwanza si "kimepungua nini?" bali "ni nani aliyemkosea nani?"

Pengine itadaiwa kwamba sitiari hii imekwisha kufa, na kwamba hakuna awazaye udongo anapoitamka. Dai hilo lina uzito mjini kuliko katika miteremko ya Manga, kati ya Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo, mvua ni nyingi na udongo ndio riziki. Mkulima wa huko anajua kwamba mvua haina hatia. Udongo huchukuliwa pale ambapo makinga maji hayakuchimbwa, au nyasi za kuushika zimeng'olewa. Anajua pia kwamba maji hutoka juu: uzembe wa shamba la juu huharibu shamba la chini.

Kwa mtazamo huo, sitiari haina haja ya kutupwa, bali kusomwa upya kwa macho ya mwenye shamba. Mhakiki asemaye kwamba riwaya fulani inaonyesha mmomonyoko wa maadili hajamaliza kazi yake mpaka aonyeshe ni nani aliyeacha kuchimba makinga, na alikuwa amesimama wapi mlimani.