Kiasi cha Injini Ndogo

Katika gereji za Kariobangi Light Industries, Nairobi, mwenye Toyota Starlet EP82 ya turbo hufika na swali ambalo wanafalsafa wamehangaika nalo tangu kale: kinachotosha ni kiasi gani? Injini yake, 4E-FTE, ni ya cc 1,331 tu. Turbo ya CT9 iliyotoka nayo kiwandani ni ndogo, na kwa kipimo cha Japani iliipa nguvu za farasi 135. Sasa anataka kubwa zaidi, na Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, haikosi turbo zilizong'olewa kwenye Subaru za lita mbili.

Turbo huishi kwa kile ambacho injini ingekitupa. Moshi ukitoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la turbini. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na jingine linalovuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alilisajili wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Lakini injini ndogo ina moshi mdogo. Ikifungwa turbo ya gari la lita mbili, dereva hukanyaga mafuta akangoja, sindano ya mizunguko ikapanda taratibu, kisha nguvu zikaja zote kwa mpigo. Kwenye Jogoo Road, katikati ya matuta, steji za matatu na watu wanaovuka kwa miguu, kungoja huko ndiko safari nzima. Injini ikikaribia kuamka, tayari ni wakati wa kushika breki.

Mhubiri wa kinaa asishangilie mapema, hata hivyo. Turbo ndogo kupita kiasi huamka haraka, ila mizunguko ikipanda moshi hukosa pa kupita, ukarudi kuikaba injini, na hewa inayosindiliwa hutoka na joto linaloweza kuifanya injini igonge. Kujinyima nako kunadhuru, na ushahidi wake huonekana kwenye pistoni iliyotoboka.

Aristotle aliliona jambo hili bila kuijua injini. Katika kitabu cha pili cha maadili yake, kile kilichobeba jina la Nicomachus, alitoa mfano wa chakula: ikiwa ratili kumi ni nyingi na mbili ni chache, mwalimu wa mazoezi hamwagizii kila mtu sita, kwa sababu sita ni haba kwa Milo, bingwa wa mieleka, na ni nyingi kwa anayeanza. Kwa hiyo kati haipatikani kwa kugawa hesabu. Hupatikana kwa kumtazama mhusika: ni nani, na anakwenda kufanya nini.

Tena yuko wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni takriban bar 0.83, wakati Mombasa ni kama bar 1. Fundi anayetaka presha ya bar 1.8 ndani ya injini huiomba kompresa iikuze hewa ya Mombasa mara 1.8, lakini hewa ya Buruburu, Nairobi, karibu mara 2.2. Ili kufika huko, magurudumu ambayo tayari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hulazimika kuzidisha mbio. Turbo iliyotosha vizuri pwani yaweza kuishiwa pumzi katika mtaa wa Umoja, Nairobi, juu ya injini ileile. Ushauri ulioandikwa na mtu anayeishi kando ya bahari ni wa kweli kwake, na unaweza kumpotosha mwingine.

Kenya imewahi kuona kiasi kikishinda kwa njia yake. Katika Safari Rally ya 1993, Subaru ilileta Vivio, gari la cc 658, hewa yake ikisukumwa na kompresa ya mkanda badala ya turbo, hivyo ikiitikia mguu papo hapo. Dereva Colin McRae hakufika mwisho na Vivio yake. Patrick Njiru alifika, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake, mwaka ambao Juha Kankkunen alishinda kwa Toyota Celica ya turbo. Hakuna haja ya kusema Vivio ilikuwa bora kuliko Celica. Ilikuwa imepimwa kwa kazi yake.

Waislamu wa Pumwani husoma katika sura ya Ar-Rahman kwamba Mungu ameweka mizani, na watu wanakatazwa kuipindukia na vilevile kuipunja. Makatazo hayo mawili yamesimama pamoja, na ndiyo yanayomkabili fundi anapoulizwa bei ya turbo kubwa. Fundi mwaminifu humjibu mteja kwa swali: "Boss, hii gari unaiendesha wapi?" Akiambiwa ni kazini na nyumbani, na mara moja moja Thika Road usiku, humwelekeza kwenye turbo ya kadiri, na humweleza kwamba hata hiyo inadai nozeli kubwa zaidi na breki imara kabla ya chochote. Mteja anaweza kukasirika akahamia kibanda cha pili, ambako atafungiwa anachotaka bila kuulizwa, na fundi wa kwanza akakosa kodi ya mwezi kwa sababu ya ukweli wake. Wanaoandika kuhusu maadili ya kazi Eastlands wangeanzia kwenye hasara hiyo.