Kusikia kwa Mgonjwa na Kusikia kwa Tabibu

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kusikia, kwa mambo mawili ambayo falsafa ya maarifa huyatenga: mgonjwa husikia maumivu, na tabibu husikia sauti. Stethoskopu, yaani chombo cha kusikilizia viungo vya ndani, inapowekwa kifuani, mambo hayo mawili hukutana, na hapo huzuka swali: ni nani aujuaye moyo zaidi, mwenye nao au aliyefundishwa kuusikiliza?

Moyo wenye afya hutoa sauti mbili katika kila pigo: ya kwanza hutokana na kujifunga kwa vali, yaani milango midogo ipitishayo damu upande mmoja tu, zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, na ya pili hutokana na kujifunga kwa vali za mishipa mikubwa itokayo moyoni. Homa ya baridi yabisi, ambayo aghalabu huanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, ikiiachia makovu vali ya mitrali, mojawapo ya zile zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, na kuifinya, damu hupenya kwa msukosuko, na baada ya sauti ya pili husikika mvumo mzito, hasa mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto. Mwenye moyo huo huweza kukaa miaka mingi bila kusikia lolote, hata ikaonekana kwamba tabibu peke yake ndiye ajuaye.

Hata hivyo, hukumu hiyo ni ya haraka. René Laennec, tabibu Mfaransa aliyebuni chombo hiki mwaka 1816 jijini Paris, alizisikia barabara sauti zote mbili, lakini akaidhania ya pili kuwa ni ya kujikaza kwa vyumba vya juu, kosa ambalo waliomfuata walilisahihisha. Sikio lilipatia, tafsiri ndiyo iliyokosea. Vilevile watoto wengi wenye afya huwa na mvumo usio na madhara, na anayeuita ugonjwa huwatwika wazazi hofu isiyo na msingi. Sauti, basi, haijawa maarifa mpaka ipimwe, na miongoni mwa mizani zake ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, anaposema kwamba huchoka akipanda kilima au hukosa pumzi akilala chali.

Kwa hiyo hakuna kusikia kunakojitosheleza, kwa kuwa kila mmoja ana upande wa moyo ambao mwenzake hawezi kuufikia. Na tabibu, akiisha kuondoa chombo masikioni, bado anawiwa na mgonjwa usikivu uleule alioupa mvumo.