Injini ya Pili

Kule Muhoroni miwa inaishia kwenye miinuko ya Nandi. Nikiitazama huwa nawaza Piper Aztec, ndege ndogo ya injini mbili iliyoacha kuundwa 1981. Abiria anahesabu injini, roho inatulia. Lakini moja ikizimika angani, nguvu hupungua nusu, na uwezo wa kupanda juu hupungua kwa takriban asilimia 80. Kwa joto la huku, huenda isipande kabisa.

Sasa mwenye ndege ana pesa ya kitu kimoja: skrini mpya ya GPS au silinda. Skrini huokoa watu mawinguni, sikatai. Lakini silinda zikiwa zimechoka, kuanza na skrini ni kumdanganya abiria bila kufungua mdomo. Na fundi anayetia sahihi akijua, bana, yeye tumwiteje?