Nani Amekisoma Kitabu Hiki?

Desemba iliyopita niliambiwa kwamba mwaka mzima sikusoma. Halikusemwa kwa maneno hayo, lakini maana yake ndiyo hiyo. Kundi letu la wasomaji lina desturi ya kufunga mwaka kwa kila mtu kutaja idadi ya vitabu alivyosoma, na anayeongoza hupewa vocha ya duka la vitabu. Zamu yangu ilipofika nikasoma orodha yangu, na mwenyekiti akawa ananisikiliza kalamu mkononi, anakata. Nilivyowasomea watoto kwa sauti: hivyo ni vya watoto. Nilivyovirudia: vilishahesabiwa miaka ya nyuma. Nilivyoishia katikati: havijasomwa. Kile tulichosoma mimi na mume wangu kwa nakala moja, kila mmoja akihamisha alama ya mwenzake, kilizua mjadala mfupi kisha kikapewa nusu. Nusu! Nilibaki na idadi ambayo sitaitaja hapa, maana kuitaja ni kukubali kipimo chenyewe.

Aliyeshinda alikuwa na vitabu 52, kimoja kila wiki. Nampa hongera bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Kilichonikera ni maneno aliyoyasema akipokea vocha: kwamba muda haukosekani, mtu huupanga, kwamba saa 24 tumepewa sote sawa, na kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa rais wa nchi na bado akapata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa adabu, na tangu siku ile sijatulia.

Swali linalonisumbua ni jepesi kulitamka: ni lini mtu anaweza kusema amekisoma kitabu? Kusoma ni kutambua maandishi na kuelewa yanachosema. Hapo sina ugomvi na mtu, tupite. Ugomvi uko kwenye masharti mawili ambayo kundi letu liliyapachika kimyakimya: kwamba kitabu lazima kiishe, na kwamba lazima akimalize mtu mmoja kwa macho yake mwenyewe. Wenye masharti haya humeza vitabu kama dozi ya hospitali. Ukiacha vidonge viwili vya mwisho, hujatibiwa.

Mwaka wangu haukuwa wa dozi. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, niliirudia ndani ya daladala, asubuhi nikiwa nimesimama, jioni nikibahatika kukaa. Jioni moja nilifika kituoni wakati Zakaria anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Nikafunga kitabu, nikashuka, nikanunua nyanya, nikaingia nyumbani. Binti yangu mkubwa alikuwa mezani anafanya hesabu za shule, na kila nilipomwangalia nilimwona Zakaria nyuma ya kiti chake. Nilikuwa nasonga ugali huku najiuliza baba anaogopa nini hasa anapoishika barua ya binti yake, na kama mimi ningeifungua. Mtu mwenye saa tatu mfululizo angegeuza ukurasa, akajua kilichofuata, akaendelea na safari yake. Mimi nililazimishwa kukaa na kile kipigo hadi kesho yake. Sisemi kwamba nilisoma vizuri zaidi kuliko yeye. Nasema kwamba usiku ule kitabu kilikuwa kimefungwa na bado nilikuwa nakisoma, na hakuna kalamu ya mwenyekiti inayoweza kuliingiza hilo kwenye jedwali.

Zipo hoja za haki dhidi yangu. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alimwonya rafiki yake Lucilius kwamba anayerukaruka kutoka kitabu hiki hadi kile hatulii popote, na amesema kweli. Wapo pia wanaoacha vitabu kwa uvivu tu, nami nimo wakati mwingine. Tuendelee.

Hoja nisiyoweza kuipita ni ile ya muda haukosekani. Nimeigeuzageuza miezi yote hii, na kila nikiigeuza inazidi kunichemsha, kwa sababu inajifanya hesabu kumbe ni hukumu.

Tuanze na hizo saa 24. Ni kweli jua linatuchwea sote. Lakini saa si chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Kuna saa ambayo ni yako, na kuna saa ambayo uko ndani yake lakini mwenyewe ni mtu mwingine. Saa mbili usiku mimi nimekaa kwenye kochi, sina kazi mikononi, kitabu kiko mapajani. Anayenitazama kutoka nje atasema: huyu ana nafasi. Hasikii kwamba sikio langu moja liko chumbani kwa mdogo anayekohoa, jingine liko jikoni kwenye maharage, na kwamba katika dakika yoyote mtu ana haki ya kuita "Mama!" bila kubisha hodi. Nafasi ya kusoma inataka kitu kimoja zaidi ya dakika, nacho ni uhakika kwamba hutaitwa. Uhakika huo ndio haukugawiwa sawa, na hakuna ratiba inayoutengeneza.

Unatoka wapi, basi? Unatoka kwa mtu. Ndugu yetu wa vitabu 52, katika hotuba ileile, alimshukuru mkewe kwa kumwelewa. Neno zuri. Nilipomwuliza baadaye, kwa upole kabisa, kumwelewa maana yake nini, akasema Jumamosi shemeji yetu huwachukua watoto kwenda kwa bibi yao ili nyumba itulie. Kila Jumamosi. Basi vile vitabu 52 vina wasomaji wawili, na mmoja wao hajafungua hata ukurasa. Kama mimi kitabu tulichosoma wawili nilipewa nusu, kwa kanuni hiyohiyo yeye angepewa 26. Hakuna aliyenyosha kidole.

Sasa Mwalimu. Hili linahitaji adabu, nami adabu ninayo. Ni kweli tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* ikatoka 1969, na miaka yote hiyo alikuwa anaongoza nchi changa yenye mambo mazito. Ni kazi ya kuheshimiwa, na sitaki mtu aninukuu vibaya. Lakini mfano huu unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba mtu anaweza kuwa na majukumu makubwa mno na bado akasoma. Majukumu makubwa sijawahi kuyalaumu. Rais ana mlinzi mlangoni, ana katibu wa kusema "Mheshimiwa ana shughuli", na Ikulu ina wapishi. Sidhani kama katikati ya hotuba ya Antoni kuna aliyeingia kumwuliza soksi ya kushoto iko wapi. Kinachoua usomaji ni majukumu madogo yasiyo na mlango, na kumleta Mwalimu kushuhudia dhidi ya mama wa nyumba ya vyumba viwili ni kumwonea mama, na Mwalimu mwenyewe pia.

Ndiyo maana nasema ni hukumu. Ukishakubali kwamba muda haukosekani, asiyesoma anakuwa hajataka. Upungufu wa mpangilio wa nyumba, wa mshahara, wa foleni za barabarani, wa nani anaamka mtoto akilia, wote unageuka kuwa upungufu wa tabia ya mtu mmoja. Na cha ajabu, Seneca niliyemsifu hapo juu aliandika kitabu kizima kuwaambia watu kwamba maisha si mafupi, wao ndio wanayatapanya. Aliandika akiwa tajiri mwenye watumwa. Hoja inaweza kuwa sahihi hata msemaji akiwa ameshiba, najua. Kanuni za mantiki nimezisoma. Lakini ningependa kusikia mmoja wa watumwa wale anaonaje kuhusu utapanyaji wa muda.

Mtu ataniuliza: na simu je, mbona ina nafasi? Jibu langu ni fupi. Simu haikasiriki ukikatishwa. Nimekuwa najaribu kukifundisha kitabu tabia hiyo.

Hapa niruhusiwe kwenda kando kidogo, kwenye jambo ninalolipenda kuliko hata ugomvi wenyewe. Augustino, katika *Maungamo* yake, anasimulia alivyokuwa akienda kumwona Askofu Ambrose kule Milano, karne ya nne, na kumkuta anasoma kimya: macho yanatembea kwenye ukurasa, sauti haitoki. Jambo hilo lilimshangaza kiasi cha kukaa na kubuni sababu zake. Labda anatunza koo, labda anaogopa msikilizaji ataomba kufafanuliwa fungu gumu na muda utaliwa. Watu wengi wanaikumbuka habari hii kwa ajili ya ule ukimya. Mimi naikumbuka kwa jambo jingine. Augustino anasema watu wenye shida zao walimzonga askofu, na kwamba alisoma katika vipande vidogo vilivyobaki kati ya watu hao na chakula. Tena mlango haukufungwa, yeyote aliingia. Ambrose, babu wa wasomaji wote wa kimya, alikuwa msomaji wa mabaki ya muda. Sijui kundi letu lingempa ngapi.

Na kwetu pwani je? Tenzi hazikuandikwa zisomwe na mtu mmoja aliyejifungia. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake karibu mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na anaanza kwa kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. (Yale anayomwagiza binti kuhusu mume tuyaache, leo nina ugomvi mmoja unanitosha.) Utendi ule ulianzia baina ya watu wawili ndani ya chumba, ukaendelea kuishi kwa kughaniwa mbele ya wasikilizaji ambao wengine hawakujua herufi. Au tazama hitima. Msiba ukishapita, watu hukaa mkekani, juzuu 30 zikagawiwa, huyu moja, yule mbili, mzee asiyeona vizuri anapewa fupi aliyoihifadhi. Wote wanasoma kwa pamoja, kila mtu fungu lake, na baada ya muda Kurani nzima imehitimishwa. Hakuna aliyesoma yote. Imesomwa yote. Hakuna anayesimama kudai kwamba yule wa juzuu ya saba hajahitimisha kitu.

Najua, ibada si riwaya, na anayesoma sura ya saba tu ya riwaya hajui muuaji ni nani. Lakini hitima inanionyesha kwamba wazo la kitabu kumalizwa na watu wengi halikubuniwa na mama aliyeshindwa mashindano. Lilikuwepo mkekani kabla ya vocha.

Ningeweza kuishia hapo nimeshinda, isipokuwa kwa ajili ya Shaaban Robert na msichana wa jikoni.

Watoto niliwasomea *Adili na Nduguze* usiku, kurasa chache kabla ya kulala. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani, na Adili, gavana mwema, analazimika kuwachapa kila usiku. Watoto walikuwa wanakilalia kile kisa kwa hofu na furaha. Dada anayetusaidia kazi alikuwa anaosha vyombo, maji yakifunguliwa na kufungwa, na mimi sikujali. Wiki fulani tukaruka siku kadhaa kwa sababu nilichelewa kazini. Jioni niliporudi kukishika kitabu, aliniuliza kutoka mlangoni: "Mama, hivi wewe unaona Adili alikuwa hana namna nyingine kabisa? Maana anawachapa huku anasikitika, lakini wanaoumia ni wale." Nikamwambia tusubiri tufike mwisho. Akasema mwisho ameshaufikia. Alikichukua mchana watoto wakiwa shule, akakirudisha na alama ilipokuwa.

Swali lake ni zuri kuliko lolote lililoulizwa kwenye kundi letu mwaka ule. Na hayumo kwenye orodha yoyote, hata ile yangu iliyokatwa. Mimi niliyejaa uchungu kuhusu Jumamosi za yule mke, mabaki yangu ya muda yanatoka wapi? Nusu saa ile kitandani kwa watoto ilikuwepo kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye maji ya sabuni. Virginia Woolf alisema mwaka 1929 kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe, nami siku zote nimemwitikia. Ila chumba kile nacho lazima mtu akifagie.

Kuna jambo jingine linaloniharibia hoja. Kama kweli kusoma ni kwa wengi, kama vipande vinatosha na mkatizaji ni sehemu ya kitabu, mbona bado naitamani ile saa yenye mlango? Mbona nilipoachwa peke yangu mchana mmoja na *Nagona*, kitabu chembamba kinachokutoa jasho, nilisoma kwa njaa na sikumkumbuka mtu yeyote wa nyumba hii? Siwezi kuitukuza daladala kisha nikaikimbia kila nipatapo nafasi. Ama kuna usomaji wa aina mbili na kundi letu linatambua mmoja tu, ama nimejenga falsafa ya kile nilichonacho kwa sababu kile ninachokitaka hakipatikani. Siku nyingine naona ni la kwanza. Nikichoka naona ni la pili.

Mwezi huu dada ameomba Jumapili mchana iwe yake, asiitwe, asitumwe. Anataka kusoma, watoto wamemwazima vitabu vyao. Nimemkubalia papo hapo. Jumapili mchana ndio wakati pekee ambao mume wangu yuko zamu, mdogo halali, na mimi nilikuwa nimeshajipangia kurudi kwenye *Nagona*. Kwa hiyo kila Jumapili kuna mtu mmoja humu ndani atakayesoma na mwingine atakayepika, na katika hoja zangu zote sijaona inayosema ni nani awe nani.