Dhima ya Mlaji wa Sukari

Tendo ovu likitendwa mbali na macho ya mtu, na faida yake ikamfikia nyumbani kwake, je, ana fungu katika hatia ya tendo hilo? Swali hili ni la kale, lakini biashara ya sukari ya visiwa vya Karibi ililitia katika kikombe cha chai cha kila nyumba ya Uingereza.

Waingereza walianza kustawisha kilimo cha miwa katika kisiwa cha Barbados miaka ya 1640, na haukupita muda mrefu kazi ya shamba ikawa mzigo wa Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Tabia ya muwa wenyewe ilizidisha ukatili. Ukiisha kukatwa hauna subira. Usipokamuliwa upesi, maji yake huchacha. Kwa hiyo, wakati wa mavuno, vinu vilikamua usiku na mchana, na watumwa waliolemewa na usingizi walivilisha miwa kwa mikono yao. Mkono ulionaswa na kinu uliuvuta mwili mzima. Ndiyo sababu kifaa cha kuukatia kiliwekwa karibu, ili kiungo kipotee na roho ipone. Aliyekoroga chai yake London hakukiona kifaa hicho.

Mwaka 1791 William Fox, muuza vitabu wa mji huo, alitoa kijitabu cha kumtaka mlaji afungue macho. Alikisia kuwa jamaa ya nyumba moja itumiayo ratili 5 za sukari kila juma, ikijizuia kwa miezi 21, ingemwepusha mtu mmoja na utumwa au mauti. Hesabu hiyo yaweza kubishiwa. Maana yake haibishiki. Ilimtoa mnunuzi katika safu ya watazamaji, ikamweka katika safu ya watendaji. Thomas Clarkson alikadiria kuwa watu 300,000 hivi waliiacha sukari hiyo.

Wapo wasemao kuwa mnunuzi mmoja si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mwenye shamba hakikujazwa na mwingine ila mnunuzi. Wapo pia wasemao kuwa kujizuia hakukukata minyororo. Hilo ni kweli. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1791, watumwa wa Saint-Domingue waliinuka wenyewe bila kungoja huruma ya wanywaji chai, na tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ikawa Haiti huru. Basi kujizuia hakukuwa ukombozi wa mtumwa. Kulikuwa kukataa ushirika na mtesi wake.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, liliwatengea mabwana fidia ya pauni 20,000,000. Watumwa hawakupewa kitu, na wengi wao walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015, kwa kodi za watu ambao baadhi yao ni vizazi vya watumwa. Hasara ya mwenye mali ilipata daftari. Jasho la mtumwa halikupata hata mstari.

Mlaji hawezi kuijua kila mikono iliyomtengenezea chakula chake, na asiyejua ana udhuru. Lakini ajuaye akaendelea kuramba utamu, udhuru wake umeyeyuka pamoja na sukari yake.