Kujitolea: Tunatoa Nini?



Likizo iliyopita nilikuwa Koboko kwa bibi. Baada ya swala ya alasiri nikamweleza kijana mmoja pale msikitini kwamba baadhi yetu tunajitolea kuwasomesha watoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini wanaoishi mjini. Akauliza, "Alawansi ni ngapi?" Nikamwambia hakuna. Akacheka. "Basi hiyo si kujitolea, ni kupoteza muda."

Nilikasirika, ila sikuweza kumlaumu sana. Tangu wakimbizi walipoingia kwa wingi mwaka 2016, huku West Nile kujitolea kumekuwa kama cheo: mtu anavaa fulana, anasaini karatasi, jioni anapokea pesa ya siku.

Tulitazame neno lenyewe. Toa, tolea, jitolea. Anayetoa unga, unga umeondoka na yeye amebaki nyumbani kwake. Anayejitolea, kinachotoka ni yeye mwenyewe. Waarabu husema tatawwu', kutoka mzizi ule ule uliotupa neno letu "kutii". Nilipolisikia hilo darasani nilishangaa, maana tumezoea kuona utii kama kitu cha kulazimishwa. Lakini mzizi huo ni kinyume cha kulazimishwa: ni kutii kwa moyo mkunjufu. Mafakihi nao huita tatawwu' ibada zinazozidi faradhi, kama funga ya Jumatatu na Alhamisi.

Je, alawansi inaondoa kujitolea? Katika Surat Tawba, aya ya 79, Mwenyezi Mungu anawatetea waliotoa kwa hiari wakakejeliwa na wanafiki. Bukhari amepokea kwamba masahaba maskini walikuwa wakibeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa, na Abu Aqil akaleta nusu pishi tu. Wanafiki wakasema Mungu hana haja na sadaka hiyo. Kumbe ujira uliingia mkononi, ukatoka, na thawabu ikabaki. Kwa hiyo simwoni mwenye kupokea nauli na chakula kuwa amepoteza jina. Asiyekuja siku pesa isipokuwepo, huyo ni mfanyakazi. Si aibu, aitwe mfanyakazi.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipomuuliza bibi kama naye anajitolea anapompa jirani yake Msudani chumvi na kuni. Alinitazama kama mjinga. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Sudan na Zaire, na yeye alikuwa miongoni mwao. Alivuka mpaka kwenda upande wa Yei akiwa na watoto wawili.

"Tulikula kwao," akasema. "Hilo ni deni, mjukuu wangu."

Deni kulilipa ni wajibu, halihesabiwi tatawwu'. Mimi sikukimbia, nilikuwa sijazaliwa. Lakini kama deni lile linarithiwa, basi masomo yetu ya Jumamosi sina haki ya kuyaita kujitolea, na yule kijana alisema kweli kwa sababu asiyoijua.